Tukifunga king'amuzi, mtoto atapungua?

Swali: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Tulipohamia Tabata mwaka jana alikuwa mwembamba tu, sasa sare za shule zinambana kila muhula. Gari la shule linamshusha saa kumi jioni, anakaa na katuni mpaka tunaporudi kazini saa moja usiku. Akishakula anachukua simu yangu mpaka usingizi umpitie. Baba yake anataka tufunge king'amuzi kabisa. Mama mkwe anasema mtoto ana afya njema na kwamba unene ni wa ukoo wao. Halafu mdogo wake wa miaka miwili hali mpaka awekewe simu mbele yake. Je, ni kweli runinga inanenepesha? Tukiifunga atapungua? *Mama wa wawili, Dar es Salaam*

Jibu: Marahaba, mama. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Ndiyo, runinga inachangia unene wa watoto, na simu vilevile. Ila mchango wake mkubwa unapitia mdomoni na kwenye usingizi kuliko miguuni. Mtoto anaongezeka mwili kwa kile anachokula akiwa amekaa pale, kwa kile anachotamani baada ya kuona matangazo, na kwa saa za kulala anazozipoteza. Kwa hiyo kufunga king'amuzi peke yake kunaweza kuwaletea ugomvi mkubwa nyumbani na faida ndogo kwenye mizani.

Jambo hili lilianza kuchunguzwa kwa makini Marekani. Mwaka 1985 watafiti wawili, William Dietz na Steven Gortmaker, walichukua takwimu za afya za maelfu ya watoto zilizokusanywa miaka ya 1960, wakazipanga kulingana na saa ambazo watoto hao walitazama runinga. Kwa vijana wa miaka 12 hadi 17, kila saa moja ya ziada kwa siku iliambatana na ongezeko la takriban asilimia 2 la wenye unene uliokithiri, ule ambao wataalamu wa lishe nchini huuita kiribatumbo. Baadaye, katika mji wa Dunedin, New Zealand, ambako watoto wapatao 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wanafuatiliwa tangu utotoni, ripoti ya mwaka 2004 ilionyesha kwamba waliotazama runinga zaidi walipokuwa na miaka 5 hadi 15 ndio waliokuwa na uzito mkubwa zaidi, pumzi hafifu zaidi na lehemu nyingi zaidi kwenye damu walipofika miaka 26.

Lakini mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi kwamba moja limeleta lingine. Mtoto anayeitwa "bonge" uwanjani, anayechaguliwa wa mwisho kila timu zinapopangwa, mara nyingi hurudi ndani akakaa na katuni ambazo hazimcheki. Hapo unene umemleta kwenye runinga. Na ukikusanya tafiti za namna hii zote pamoja, uhusiano unabaki upo, ila ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Nakwambia hivi kwa sababu sitaki ubebe hatia kubwa kuliko unayostahili.

Utafiti ninaouamini zaidi ni ule wa mwaka wa masomo 1996/97 katika shule mbili za msingi za San Jose, California. Thomas Robinson wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwachukua watoto 192 wa darasa la tatu na la nne, rika la mwanao kabisa. Shule moja ilifundishwa masomo 18 ya kupunguza runinga, video na gemu. Watoto walijaribu kwanza kukaa siku 10 bila kutazama chochote, kisha wakapewa mgao wa saa 7 kwa wiki. Shule ya pili iliendelea na maisha yake ya kawaida. Hakuna aliyewaambia watoto wale nini cha kula wala aliyewapa ratiba ya mazoezi. Mwaka wa masomo ulipokaribia kwisha, watoto wa shule zote mbili walikuwa wameongezeka, kama mtoto anayekua anavyotakiwa kuongezeka, lakini wa shule ya kwanza waliongezeka taratibu zaidi. Uwiano wao wa uzito na urefu (BMI) ulipanda kutoka 18.38 hadi 18.67, ilhali wenzao walitoka 18.10 wakafika 18.81.

Tofauti hiyo ilitoka wapi? Watafiti walipoangalia mazoezi hawakukuta badiliko la maana. Kilichopungua ni milo iliyoliwa mbele ya runinga. Mwaka 2008 Leonard Epstein na wenzake wa Buffalo, New York, walitoa matokeo ya jaribio lingine, safari hii kwa watoto 70 wa miaka 4 hadi 7 waliokuwa wazito kuliko wengi wa rika lao. Kifaa maalumu kilifungwa kwenye runinga na kompyuta zao, na kwa kundi moja la familia hizo kikapunguza muda wa kutazama hatua kwa hatua hadi nusu. Uzito wa watoto hao ukaenda vizuri kuliko wa wenzao, na maelezo yakawa yaleyale: walikula kidogo zaidi, wala hawakuanza kukimbia zaidi.

Sasa turudi sebuleni kwako, saa kumi na nusu jioni. Sipajui kwako, lakini wazazi wengi wanaokuja kliniki wananieleza picha inayofanana sana. Mtoto amevua viatu, sare bado iko mwilini. Dada amemletea maandazi yaliyobaki asubuhi, au chipsi za hapo nje, na glasi ya juisi ya unga. Macho yako kwenye katuni. Mkono unaenda kwenye sahani wenyewe, unarudi mdomoni, unaenda tena. Hatazami sahani hata mara moja mpaka vidole vinapogusa patupu, ndipo anainua uso na kuita, "Dada, niongeze!" Na dada, ambaye anafua na kupika huku ana mtoto wa miaka miwili mgongoni, anaongeza, maana akikataa kutakuwa na kilio na leo hii hana muda wa kilio. Ukimuuliza mtoto huyo usiku alikula nini jioni, atakusimulia katuni yote, sahani haikumbuki.

Shibe inahitaji usikivu. Tumbo linapopokea chakula hutuma taarifa kwenye ubongo, na taarifa hiyo huchukua muda, kama dakika 20 hivi, kufika kwa ukamilifu. Mtu anayekula huku anaangalia sahani yake anaipokea, na tena anakumbuka alichokula, na kumbukumbu hiyo inamsaidia asitafute kingine baada ya nusu saa. Mtoto aliyezama kwenye skrini anazikosa zote mbili. Kuna jaribio lililofanywa Canada kwa wavulana wa miaka 9 hadi 14 waliopewa pizza ya mchana, siku moja wakiwa na runinga na siku nyingine bila. Siku ya runinga walikula zaidi kwa kilokalori (kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula) zinazozidi 200. Gemu nazo zina tabia hiyo. Mwaka 2011 Jean-Philippe Chaput na wenzake waliwachezesha vijana wa kiume wa miaka 17 hivi gemu ya video kwa saa moja kabla ya chakula cha mchana. Walikula zaidi kuliko siku waliyopumzika tu, na walipoulizwa hawakusema wana njaa zaidi.

Kilokalori 200 si nyingi kwa siku moja. Zikijirudia kila siku ya shule ndipo sare inapobana.

Njia ya pili ni matangazo, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu wazazi wengi huiona ni ndogo. Mwaka 2009 Jennifer Harris, John Bargh na Kelly Brownell, wakati huo wakiwa Chuo Kikuu cha Yale, waliwaonyesha watoto wa miaka 7 hadi 11 katuni moja. Kundi moja katikati ya katuni liliwekewa matangazo ya vyakula, jingine matangazo ya bidhaa nyingine. Wote walikuwa na bakuli la biskuti ndogo za chumvi mezani, ambazo hazikutangazwa popote katika katuni ile. Waliotazama matangazo ya chakula walikula asilimia 45 zaidi. Tangazo la kitu kimoja liliamsha hamu ya kula kitu kingine chochote kilichokuwa karibu. Hivyo hata kama mwanao hajawahi kukuomba ile biskuti iliyo kwenye runinga, maandazi ya jikoni yanaweza kuwa ndiyo yaliyolipa gharama.

Watoto wadogo zaidi wako hatarini zaidi. Robinson huyohuyo wa Stanford alichapisha mwaka 2007 matokeo ya watoto 63 wa miaka 3 hadi 5 waliopewa vyakula vinavyofanana kabisa, kimoja kikiwa kwenye karatasi ya McDonald's na kingine kwenye karatasi isiyo na alama yoyote. Watoto walisema cha McDonald's ndicho kitamu, na walisema hivyo hata kuhusu karoti, ambazo McDonald's hawakuwa wakiziuza. Na wale waliokuwa na runinga nyingi zaidi nyumbani ndio waliovutwa zaidi na karatasi ile.

Ukiniuliza mimi, simu inanitia wasiwasi kuliko king'amuzi. Kwenye runinga tangazo lina mwanzo na mwisho, unaweza kumwambia mtoto "hilo ni tangazo, wanataka tununue." Kwenye YouTube tangazo limevaa sura ya rafiki. Mtoto wa Marekani anafungua boksi la vitu vya kuchezea, katikati anakunywa soda na kula baga huku anacheka, na mwanao anamwona kama mwenzake wa darasani. Watafiti waliochambua video za watoto watano waliokuwa na watazamaji wengi zaidi huko YouTube walikuta video zenye vyakula na vinywaji zilikuwa zimetazamwa zaidi ya mara bilioni moja, na sehemu kubwa ya vilivyoonyeshwa ni vile ambavyo usingetaka mtoto ale kila siku. Kule Liverpool, mwaka 2019, Anna Coates na wenzake waliwaonyesha watoto 176 wa miaka 9 hadi 11 kurasa za watu maarufu wa mtandaoni. Waliowaona wakiwa na vitafunio vya sukari na mafuta walikula jumla ya kilokalori 448, na waliowaona wakiwa na vitu visivyo chakula walikula 357. Waliowaona watu walewale wakiwa na matunda hawakuongeza kula matunda. Hilo la mwisho linaniumiza kila ninapolikumbuka, kwa sababu linaonyesha mtandao unauza upande mmoja tu kwa urahisi.

Nchi kadhaa zimeamua kwamba kazi hii ni kubwa mno kuachiwa mama peke yake. Jimbo la Quebec huko Canada lilipiga marufuku matangazo ya biashara yanayowalenga watoto walio chini ya miaka 13 tangu mwaka 1980. Chile, kuanzia mwaka 2016, iliviwekea vyakula vyenye sukari, chumvi, mafuta au kalori nyingi alama nyeusi ya pembe nane na kuondoa vikatuni kwenye maboksi yake. Uingereza imezuia matangazo ya vyakula hivyo kwenye runinga kabla ya saa tatu usiku, na yale ya kulipia mtandaoni yamezuiwa saa zote, kuanzia Januari 2026. Shirika la Afya Duniani limekuwa likizitaka serikali zichukue hatua tangu mwaka 2010. Huku kwetu mzigo mkubwa bado uko mabegani mwa mzazi, na naona ni haki wazazi wa Kitanzania nao wadai ulinzi huo kwa sauti.

Kuhusu usingizi. Umeandika kwamba anashika simu mpaka usingizi umpitie. Hukusema anaamka saa ngapi, lakini najua watoto wa magari ya shule Dar es Salaam: wengi saa kumi na moja alfajiri wako macho. Mtoto wa miaka tisa anahitaji angalau saa 9 za usingizi, na 10 ni bora. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka saa kumi na moja alfajiri, anatakiwa awe amelala saa mbili usiku. Akilala saa nne, amepoteza saa mbili kila siku. Mwaka 2013 Chantelle Hart na wenzake waliwafanyia majaribio watoto 37 wa miaka 8 hadi 11, wiki moja wakilala zaidi ya kawaida yao na wiki nyingine pungufu. Katika wiki ya kulala zaidi walikula wastani wa kilokalori 134 pungufu kwa siku, na uzito wao ulikuwa chini kidogo. Mtoto aliyekosa usingizi anaamka na hamu ya vitu vitamu, na hela yake ya shule inaishia kwenye ice cream na soda kabla ya mapumziko ya saa nne kwisha.

Michezo nayo ina umuhimu wake, kwa moyo, mifupa na furaha ya mtoto. Anahitaji walau dakika 60 za kuchangamka kila siku. Ila usitegemee kwamba ukizima runinga ataanza kucheza mpira mwenyewe. Geti limefungwa, barabara ina bodaboda, na wenzake nao wamefungiwa kwao.

Na hapa ndipo ninapotaka kuzungumza kuhusu mama mkwe, kwa heshima yote. Hofu yake ina msingi. Amelea katika nchi ambayo mtoto mwembamba ndiye aliyekuwa anazikwa. Hata leo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa macho yake, mjukuu mwenye mashavu ni ushindi. Kuhusu ukoo pia hajakosea, urithi una sehemu kubwa katika umbo la mtu, na mtoto wa wazazi wanene yuko karibu zaidi na unene. Lakini ukoo haukubadilika mwaka jana mlipohamia Tabata. Kilichobadilika ni geti, gari la shule, na saa tatu za jioni bila mtu mzima.

Utafiti mmoja uliofanyika Nairobi kati ya mwaka 2011 na 2013, ukiwa sehemu ya utafiti mkubwa wa nchi 12, ulipima watoto zaidi ya 500 wa miaka 9 hadi 11. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, na takriban mmoja tu kati ya wanane alikuwa anafikisha zile dakika 60 za kuchangamka. Waliokuwa wazito zaidi walitoka kwenye nyumba zenye kipato na elimu kubwa zaidi. Marekani na Uingereza ni kinyume, kule unene umewashika zaidi watoto wa maskini. Kwa hiyo mlichonacho nyumbani, mama, ni matokeo ya kufanikiwa kidogo, na ni tatizo ambalo bibi zetu hawakupata nafasi ya kujifunza kulishughulikia.

Kabla ya kufanya lolote, hakikisha kwanza kwamba tatizo lipo. Mpeleke kituo cha afya apimwe uzito na urefu, na umwombe mhudumu asome majibu kwenye chati ya watoto wa miaka 5 hadi 19, kulingana na umri na jinsia yake. Vipimo vya watu wazima, ile BMI ya 25 na 30 inayosemwa kila mahali, havimhusu mtoto. Na ikithibitika amezidi, lengo lisiwe apungue kilo. Yuko kwenye umri wa kurefuka. Kwa watoto wengi wa umri huu inatosha uzito usimame palepale, au upande polepole, urefu uukute. Ukimnyima chakula utamdhuru.

Sasa la kufanya. Kama ningeruhusiwa kubadilisha jambo moja tu nyumbani kwako, ningeondoa sahani mbele ya skrini, runinga ibaki. Weka sheria moja isiyo na majadiliano: chakula kinaliwa mezani au kwenye mkeka, skrini zote zimezimwa, na sheria hiyo imhusu baba pia na taarifa yake ya habari ya saa mbili. Mtoto akitoka shule ana njaa ya kweli, usimwambie asubiri mpaka saa moja. Ale saa kumi, akiwa amekaa mezani na dada, chakula kinachoeleweka: ndizi mbivu na karanga, viazi vitamu vya kuchemsha, au wali wa mchana na maharage. Akimaliza ndipo aende kwenye katuni, bila kitu mkononi. Akitaka kula tena, arudi mezani, na katuni isubiri. Utashangaa ni mara ngapi ataamua kwamba hana njaa kiasi hicho.

Zungumza na dada mwenyewe, umketishe, umweleze sababu. Wazazi wengi wanampa mtoto mpango mpya na dada anausikia kwa juu juu. Yeye ndiye aliye na mtoto katika saa zenyewe. Mpe ruhusa ya kusema hapana, na umwahidi kwamba mtoto akilia na kukupigia simu hutamgeuka.

Vinywaji vitamu visikae kwenye friji. Soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai karibu tisa, na juisi za boksi nyingi haziko mbali. Kama hakuna ndani hakuna ugomvi. Soda ibaki ya sherehe.

Runinga yenyewe ipangiwe mgao, kama watoto wale wa San Jose. Kaeni naye Jumapili, achague mwenyewe vipindi vyake vya wiki, muandike kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Saa moja kwa siku za shule inatosha. Mtoto aliyechagua mwenyewe hupigana kidogo kuliko aliyeporwa rimoti. Baba yake yuko sahihi kwamba kuna kitu cha kubadilisha, ila akifunga king'amuzi kabisa mtoto atahamia kwenye simu, na simu ni mbaya zaidi, au kwa jirani, ambako hamjui anaangalia nini na anakula nini. Mwombe baba kazi nyingine: Jumamosi na Jumapili asubuhi amtoe nje ya geti. Chandimu ufukweni, baiskeli ya kukodi, kutembea kwenda sokoni na kubeba mfuko. Jioni za katikati ya wiki, ndani ya geti, kamba ya kuruka na mpira wa makaratasi vinatosha.

Simu yako ilale chumbani kwako. Saa moja na nusu usiku skrini zimezimwa, saa mbili yuko kitandani. Najua mnarudi saa moja na mnataka kuonana naye, kwa hiyo chakula cha usiku kiwe tayari mapema, na saa ile moja iwe yenu. Wiki ya kwanza itakuwa ngumu. Atasema hana usingizi. Ya pili mwili unazoea.

Usimwite bonge, na usiruhusu mtu yeyote ndani ya nyumba amwite hivyo, hata kwa mapenzi. Usimpikie chakula chake peke yake kana kwamba anaadhibiwa. Nyumba nzima ibadilike kimyakimya. Na mama mkwe mpe nafasi ya heshima katika hili: akija, awe ndiye anayekaa na wajukuu mkekani wakati wa kula na kuwasimulia hadithi. Hakuna katuni itakayomshinda akiianza vizuri.

Mdogo wake sasa. Huyu wa miaka miwili usimsahau, maana yeye bado anajifunza kula. Anayelishwa huku anatazama simu anafungua mdomo kwa sababu kijiko kimefika, haonji, hatafuni vizuri, hajui ameshiba au bado. Wengine hula kupita kiasi, wengine ukizima simu hawali kabisa, na mama anabaki mtumwa wa bando. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa umri huo asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na pungufu ni bora zaidi. Acha simu mara moja, si kidogo kidogo. Mketishe na wenzake, mpe kipande cha kushika mwenyewe, achafue nguo. Siku mbili tatu atakula kidogo, na mtoto ambaye ana afya na anaongezeka vizuri kwenye kadi ya kliniki hatadhurika kwa hilo. Mlo usizidi nusu saa. Akigeuza uso ameshiba, ondoa sahani bila maneno. Ila kama kadi inaonyesha uzito wake umesimama au umeshuka, anza kliniki kwanza.

Kuna dalili ambazo hazisubiri mpango wowote wa runinga. Angalia nyuma ya shingo na kwapani mwa mwanao. Ngozi ikiwa nyeusi, nene, kama mahameli, usiisugue kwa dodoki ukidhani ni uchafu. Huenda insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, haifanyi kazi yake sawasawa, na anahitaji kupimwa sukari. Mpeleke hospitali pia kama anakoroma sana na kushtuka usingizini, kama anakunywa maji mengi na kukojoa usiku, kama analalamika nyonga au goti na anachechemea, kama kichwa kinamuuma mara kwa mara, au kama ananenepa huku harefuki, kwa sababu hiyo inaweza kuwa shida ya homoni. Na kama amekuwa akipewa dawa za pumu au za ngozi kwa muda mrefu, zichukue zote uende nazo, daktari azione.

Kama hana dalili hizo, mpime tena uzito na urefu baada ya miezi mitatu, kwenye mizani ileile, na uniandikie namba zote mbili.